Godoro la Bofa

Nianze na godoro lenyewe, maana watu wote walianza na mengine.

Hoteli moja ya wageni kule ufukweni Bofa ilibadilisha magodoro. Yale ya zamani, ambayo mimi na wewe tungeyaita mapya, yaliuzwa mnadani nyuma ya jiko lao, na Kadii akajipatia moja la mistari ya buluu. Akalibeba kichwani kutoka Bofa hadi stendi ya Kilifi, mchana kweupe, kwa sababu hakuna namna ya kubeba godoro kwa siri. Alikuwa akimpelekea mamake, Nyevu, aliyelalia mkeka maisha yake yote huko nyuma ya Tezo hadi mgongo ukaanza kumgomea. Hiyo ndiyo habari yote ya godoro. Ukiona haina utamu, basi utamwelewa kila mtu nitakayemtaja hapa.

Mimi ni Jedida, Mama Joram. Nilizaliwa Vihiga, na wenyeji wa pwani hadi leo huniita mbara, kwa heshima wakiwa na njaa na bila heshima wakishashiba. Wakati huo daraja la Kilifi halijajengwa. Magari yote ya Mombasa na Malindi yalisubiri feri, na mtu anayesubiri hula, kwa hiyo nilikuwa na hoteli yangu ya mabati pale juu ya mteremko, upande wa Kilifi. Kadii alinipikia mahamri. Alikuwa Mgiriama wa miaka ishirini na kitu, mrefu, mwenye kicheko cha kuamsha mtoto, na alikuwa akiimba tangu anakanda unga hadi anasugua sufuria. Madereva walikuwa wakisema wanafuata mahamri. Waongo. Walikuja kumsikiliza.

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, alikuwa Thuku, kijana wa Murang'a, muuza kaseti. Alikuwa na redio kubwa ya vyumba viwili, ukitia kaseti huku inajinakili kule. Hakuwa mlevi, hakuwa na matusi, na kila asubuhi alinisalimia vizuri. Nayasema haya mapema kwa sababu baadaye nitamtukana.

Mwaka ule shule zilipoanza mambo ya nane-nne-nne na wazazi wote tukachanganyikiwa, alikufa mzee mmoja jirani wa kina Kadii, Mzee Kiponda. Kadii akanialika hangani. Hanga ni matanga ya Wagiriama, na kama umelelewa kanisani kama mimi, jitayarishe. Nilikwenda na kitambaa cha machozi na kitabu cha nyimbo za Mungu, na sikupata nafasi ya kutumia hata kimoja. Wanawake wazima, mabibi wenye wajukuu, walikuwa wakicheza na kuimba maneno ya kumtoa mtu jasho. Walimwimba chifu na tumbo lake. Walimwimba mjane na marehemu na yale waliyokuwa wakifanyiana katikati ya mahindi. Walimwimba katekista aliyekuwa amekaa pembeni akijifanya anaomba. Mwanzishaji alikuwa bibi mmoja mkavu, jina lake Sidi, hana jino hata la dawa, na wengine wote waliitikia.

Basi Sidi akamwona Kadii, na wiki hiyo hiyo alikuwa amemwona akipita na mzigo wake.

"Kadii kapita na godoro la Bofa! Nani kalilalia?"

"Muulizeni Mzungu!" watu wakaitikia, na vumbi likapanda.

Kadii alicheka hadi akashika magoti. Kisha akaruka katikati akamlipa Sidi ubeti mmoja juu ya ufizi na hindi la kuchoma, na Sidi naye akacheka hadi wakamshika asianguke. Nyevu mwenyewe, mamake Kadii, alikuwa amekaa chini ya paa la makuti akipiga makofi.

Tulipokuwa tukirudi nikamwambia Kadii kwamba kwetu, mtu akiimbwa hivyo, panatafutwa panga.

"Hangani kuna ruhusa, Mama Joram," akasema. "Kifo kimekuja kututisha, nasi twakicheka. Kila mtu aimbwa, hata mwenye msiba. Lakini wimbo wa hanga hautoki. Tukishanyolewa nywele, hanga limekwisha, waachwa papo hapo. Hata ukiwa pekeyo shambani, huuimbi."

"Na ukiimba?"

"Waita kifo kingine."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayekuambia usiache maziwa wazi. Mimi nikageuka nyuma, kwa sababu Thuku alikuwa akitufuata na redio yake begani. Yeye alikuja kunasa ngoma ya asili, maana wageni wa Bofa walikuwa wakinunua chochote chenye kayamba ndani yake. Mchana kutwa alikaa karibu na Sidi, kidole kwenye kitufe chekundu. Hakuna aliyemkataza. Kwa wenyeji, wimbo kutoka nje ya hanga ni jambo lisilowezekana, kwa hiyo hawakuwa na neno la kulikataza. Na kwa Thuku, sauti ni sauti.

Wazungu walinunua kweli. Mama mmoja wa Kijerumani alisikiliza pale dukani akafuta machozi, akidhani ni sala. Laiti wangenunua wao tu. Lakini Thuku alikuwa akiijaribu kila nakala kwa sauti ya juu, na foleni ya feri ina masikio. Wimbo ulikuwa wa Kigiriama, ila Kadii, Bofa na Mzungu havihitaji mkalimani. Dereva mmoja wa lori la nazi akanunua. Kinyozi wa Mnarani akanunua. Wenye baa wakanunua. Kufikia Malindi wimbo ulikuwa umeshapata Kiswahili, na kila aliyeupokea aliuongezea ubeti wake. Godoro likawa mawili. Mzungu akawa watatu, mmoja wao na mbwa. Huko Malindi kulikuwa na mhudumu wa baa aliyeitwa Kadii, maskini ya Mungu, akalazimika kujiita Hannah.

Sasa hapo ndipo mimi ninapopandwa na hasira, na sitaki kunyamaza kwa adabu. Hangani wote walioimba walimjua Kadii. Walijua godoro ni la nani, na kila mmoja alikuwa na ubeti wake uliomsubiri. Hawa wengine hawakumjua Kadii kwa sura. Wangekutana naye njiani wangemwuliza njia na kumshukuru. Kisha wanakwenda kukaa kwenye kiti, na chupa mkononi, na kumtoa nguo mtu wasiyemjua, na wakimaliza wanageuza kaseti upande wa pili.

Mwanzoni Kadii alicheka nao. Alidhani ni mzaha wa watu wasio na kazi, utapita. Kisha akaanza kueleza. Alieleza habari ya mnada, habari ya mgongo wa mamake, alieleza hadi rangi ya mistari ya godoro. Kila alipoeleza walimsikiliza kwa upole, na kesho yake kulikuwa na ubeti mpya wenye mgongo wa mama ndani yake. Kulikuwa na karani mmoja, Ochola, mtu wa tai, aliyekunywa chai kwangu kila siku kabla ya kwenda ofisini kuchelewa. Kadii akimwekea kikombe, Ochola alikuwa akisema taratibu, bila hata kuinua macho, "Muulizeni Mzungu." Meza nzima inacheka. Siku moja nikamwambia Ochola kwamba nitamtia chumvi kwenye chai.

"Aa, Mama Joram, ni utani tu," akasema. "Kwani mimi ndiye niliyetunga?"

Neno hilo nililisikia hadi likanitoka puani. Hakuna aliyetunga, hakuna aliyeimba, hakuna aliyenunua. Mji mzima ulikuwa ukipita tu.

Nilimwendea Thuku. Nikashika kaseti moja pale mezani, nikauvuta utepe wake wote nje, nikamwambia nitautumia kufungia mafungu ya sukuma wiki. Akanitazama kwa huruma, maana alikuwa na nyingine mia nyuma yake.

"Sikia, mama," akasema. "Mimi siimbi, mimi nanasa tu. Watu yenyewe ndio wanataka. Nikiwacha mimi, si huyo wa Malindi atauza?"

"Na Kadii?"

"Kadii nampenda sana. Kadii ni kama dada yangu. Hii si mambo ya Kadii, hii ni biashara."

Nilikwenda hadi kwa askari. Askari akaniuliza ni nani aliyemtukana huyo msichana. Nikamwambia ni watu. Akaniuliza watu gani. Nikamwambia, wote. Akauma kalamu, akasema hana seli ya kuwatosha, na nilipogeuka kutoka nikamsikia akipiga mluzi, na nisitaje mluzi ulikuwa wa wimbo gani. Nilikwenda kwa pasta wangu pia. Jumapili iliyofuata akahubiri juu ya wasichana wanaouza heshima yao ufukweni. Tangu siku hiyo nilihamia kanisa jingine, na viti vyao ni vizuri zaidi.

Kadii akaacha kuimba. Sikugundua siku yenyewe. Niligundua kwamba hoteli imekuwa na kelele za nzi, nikajiuliza zilikuwa wapi zamani. Kisha akaomba kazi ya nyuma, asiwe anatoka mbele na vikombe. Kisha mahamri yakaanza kuungua, yeye amesimama juu yake na mwiko mkononi. Alikuwa akilala chumba cha uani kwangu, na chakula chake nilikikuta asubuhi kimefunikwa vile vile. Aliniuliza kama nasikia wimbo. Nikasema hakuna wimbo, ni injini ya feri. Akaitikia kwa kichwa, akaziba masikio kwa kanga.

Siku moja feri ilikuwa upande wa pili, nikamkuta amesimama kwenye mteremko, maji yamemfika mapajani, viatu kavishika mkononi.

"Wafanya nini?" nikamwuliza. Nikaona hata mimi nimeanza kusema kama watu wa pwani.

"Nanawa miguu."

Mtu hanawi miguu hadi mapajani. Niliingia na viatu vyangu, nikamshika mkono, nikamtoa. Niliogopa sana. Niliogopa hadi nikamtukana, na yeye akatukanwa kimya, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu Kadii niliyemjua angenijibu.

Lakini jambo lililomla kuliko yote lilikuwa Tezo. Zamani kila Jumapili alikwenda kwa mamake. Sasa kwenda Tezo ni kupita stendi, na stendi ni magari, na magari ni kaseti. Akaacha kwenda. Alituma sukari, akatuma dawa ya kuchua, akatuma salamu kwamba kazi ni nyingi. Nyevu naye alikuwa amelala sasa, kifua kimembana, hainuki, na kila mtu aliyepita alipewa neno lile lile: mwambieni Kadii aje nimwone. Kadii anafunga kanga, anafika mlangoni, anarudi. "Jumapili ijayo," anasema. Mimi nikamwambia nitakwenda naye, nitapiga kelele njia nzima asisikie kitu. Akatabasamu kidogo. Jumapili ikapita kama nyingine.

Halafu asubuhi moja Sidi akasimama mlangoni kwangu, yule bibi wa ufizi, amekuja mwenyewe na fimbo yake, na sikuhitaji kuambiwa.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Kadii yuko wapi?"

Kadii alitoka uani na unga mikononi. Sidi alimwambia kwa Kigiriama, maneno mawili matatu, na Kadii akakaa chini pale pale kwenye sakafu, kati ya meza. Hakulia. Alitazama mikono yake.

"Siendi," akasema kwa Kiswahili, kana kwamba ananiambia mimi. "Watakuja wote. Wataniimba mbele ya mamangu. Na hangani siwezi kumkataza mtu, ni ruhusa yao. Mzikeni nyinyi."

Sidi akanyanyua fimbo, akaipiga sakafuni kama anafukuza kuku.

"Nimesikia sauti yangu leo," akasema. "Niko kando ya barabara, lori lapita, na mimi niko ndani ya lori naimba! Wimbo wa hanga la Kiponda, barabarani, jua kali, hakuna maiti! Nani kautoa?"

Nikamwonyesha ukuta wa Thuku kwa kidole. Sidi akaugeukia ule ukuta.

"Umezunguka weee, ukaitisha kifo, kikaja," akasema. Mimi siyaamini hayo. Nyevu alikuwa mgonjwa wa mapafu, na daktari alisema. Lakini nilimwona yule bibi anavyoyaamini, nikamsogezea kiti. "Wimbo uliotoka sharti urudi hangani. Uimbwe kwa mwenyewe aliyeimbwa, uishe. Mwanangu, mamako hakuwa na habari hata moja ya uchafu huu. Kila aliyeingia kumtazama, alimpigia godoro kofi: kaa hapa uone, mwanangu kaninunulia. Hata mimi nimekaa. Ni laini."

Hapo ndipo Kadii alipolia. Alilia kwa sauti, na unga wote usoni, hadi madereva wawili wakaacha chai wakatoka nje. Alipomaliza alijipangusa kwa aproni yangu, si yake.

"Mwambieni Thuku aje hangani," akasema. "Na aje na redio."

Nilidhani amerukwa na akili. Sidi aliitikia kwa kichwa tu.

Thuku alikataa, akasema ana wateja. Nikamwambia kwamba bibi Sidi amesikia sauti yake kwenye lori, na kwamba mimi siujui uganga wa Wagiriama, ila kama angekuwa mwanangu ningemshauri aje. Huo ulikuwa ubaya, na niliufurahia. Alikuja na redio, na betri mpya.

Watu walijaa siku ile kuliko hanga la chifu yeyote. Wa Tezo walikuja kumzika Nyevu. Wa mjini walikuja kumtazama mwenye godoro, tuseme ukweli. Ochola alikuwepo na wenzake wa ofisi, tai nyeusi, mkono mmoja umeshika rambirambi. Maiti iko ndani ya nyumba, pombe ya mnazi inazunguka kwenye vibuyu, wanawake wamekwisha anza kuimba. Wameimba uchoyo wa Nyevu wa chumvi. Wameimba marehemu mumewe. Sidi akaniimba hata mimi, mbara mwenye miguu kama mchi wa kinu, na sikuwa na la kufanya ila kucheza. Kisha kule nyuma, waliko watu wa mjini, nikasikia mtu ameanza kuuvumisha ule wimbo puani. Mwingine akacheka. Vichwa vikaanza kugeuka kumtafuta Kadii.

Kadii alikuwa mlangoni. Akaingia ndani. Nikajua ametoroka, nikaanza kusukuma watu nimfuate, na kabla sijafika akatoka kinyumenyume, ameinama, anavuta godoro.

Alilivuta hadi katikati ya ua na kulilaza chini. Lilikuwa lile lile, mistari ya buluu, ila upande mmoja wa mistari ulikuwa umefifia, na katikati kulikuwa na shimo. Shimo la mtu mdogo aliyelala kwa ubavu, magoti amekunja, kwa muda mrefu. Ungeweza kuona bega lilikuwa wapi. Harufu ya dawa ya kuchua ilifika hadi kwetu.

"Thuku," Kadii akasema. "Bonyeza."

Thuku alipiga magoti kando ya redio. Akabonyeza kitufe, akakikosa, akabonyeza tena.

Kadii hakuwa ameimba kwa miezi. Sauti ilitoka imekwaruza, akakohoa, akaanza upya. Alianzisha wimbo ule ule, kwa tuni ile ile, polepole.

"Kadii kapita na godoro la Bofa. Nani kalilalia?"

Sasa, wimbo wa kuitikia una mahali pake pa kuitikia, na mahali hapo pakifika mdomo hufunguka wenyewe. Niliiona ile midomo. Kila mtu aliyesimama pale alilijua jibu, wengine walikuwa wameliimba wakiwa njiani kuja. Midomo ikafunguka, na macho yalikuwa yameshafika kwenye lile shimo, na hakuna kilichotoka. Mbuzi mmoja alilia nyuma ya nyumba. Ochola alikuwa akitazama viatu vyake kana kwamba amevipata leo.

"Mbona hamuitikii?" Kadii akasema. "Mlijua jana."

Akaita tena. Nani kalilalia? Safari hii alikuwa akitembea, anamtazama mtu mmoja mmoja, wa Tezo na wa mjini, kinyozi wa Mnarani, dereva, karani, na kila aliyefikiwa aligeuza uso. Redio ya Thuku ilikuwa ikizungusha magurudumu yake na kunasa kimya. Nikasikia mtu analia, nikakasirika, halafu nikagundua ni mimi.

Akaita mara nyingine. Hapo Sidi, aliyeutunga wimbo ule, akasogea, akainama kwa tabu, akaweka kiganja chake ndani ya lile shimo.

"Nyevu," akaitikia.

Kadii akaita.

"Nyevu," wakaitikia wanawake wa Tezo.

Waliendelea hivyo hadi wanaume wakaja kuichukua maiti. Wa mjini hawakuitikia. Walikuwa wameanza kukumbuka shughuli zao. Kabla kaburi halijafukiwa, Sidi alimnyoshea Thuku mkono, na Thuku akatoa kaseti mfukoni, ile ya kwanza kabisa, mama wa zote. Nyevu alizikwa nayo. Nadhani ni yeye peke yake upande huu wa bahari aliyezikwa na muziki wake.

Ningependa kukuambia kwamba mambo yaliishia hapo. Thuku aliacha kuuza ule wimbo, hilo nampa. Ile kaseti ya pili, aliyonasa siku ya hanga la Nyevu, aliinakili akaigawa bure foleni nzima, akijaribu kusafisha roho yake. Watu waliisikiliza hadi pale pa kimya, wakadhani imeharibika, wakanasa taarabu juu yake. Nakala za ile ya kwanza zilikuwa zimeshafika Lamu. Kaseti haina njia ya kuitwa nyumbani.

Kadii alirudi kazini alipomaliza kunyolewa. Alirudi mbele, mezani, kwa kupenda kwake. Hakurudi kuimba. Akisikia watu wanacheka nyuma yake mabega yalipanda, na yalikuwa yakipanda hata watu wakichekea mpira. Ochola alianza kunywa chai ng'ambo nyingine. Chumvi yangu ilibaki kwenye kopo.

Kisha likaja lori moja, namba za Mombasa, dereva mgeni kabisa, limekwama foleni mbele ya mlango wetu na dirisha wazi. Na ndani yake, kwa sauti ya juu, Sidi anaimba. Dereva anapiga usukani kwa vidole, hajui Kigiriama, hajui mtu, anafurahia ngoma. Alikuwa ameagiza chai. Nikanyosha mkono nichukue kikombe nimpelekee mwenyewe. Kadii akakishika yeye.

Alitembea nacho hadi kwenye dirisha la lori, akasimama pale, akasubiri. Kaseti ikafika pake. Kadii kapita na godoro la Bofa, nani kalilalia? Na kabla kelele za kwenye kaseti hazijaitikia, Kadii akaitikia kwanza, kwa sauti yake yote, ile ya zamani, hadi wavuta kamba wa feri kule chini wakageuka.

"Nyevu!"

Dereva akashtuka. "Nyevu ndiye nani?"

"Mamangu," Kadii akasema, akampa chai. "Mahamri utakula mangapi?"

Nusu ya chai ilikuwa kwenye kisahani. Dereva akamtazama, akakitazama kisahani, akainyoshea redio kidole akaizima.

"Mawili," akasema.